Geto la bei poa Mbeya, first year soma hapa

Kama umepangiwa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na hosteli umekosa, usikimbilie dalali, njoo siku kadhaa kabla chuo hakijafungua, fikia kwa ndugu alafu zunguka Iyunga, mtaa wa chuo, kwa miguu uulize wamama wa genge na mafundi viatu, hao ndo wanajua chumba gani kinaachwa wazi. Dalali anataka kodi ya mwezi mzima iwe malipo yake, hiyo si bora ununue godoro!

Uliza umeme wa Luku mnachangia wangapi, maji yanatoka lini, na ukuta uguse kwa mkono, ukiwa na unyevu achana nacho, baridi ya Juni na Julai huku haina huruma. Kodi wengi wanataka ya miezi mitatu au sita, tafuta mwenzako mgawane. Na jamani pesa usitume kabla hujakiona chumba, mi nilituma nikakuta kuna mtu anaishi humo.