Jinsi ya Kubaini Vikoa vya Kimuundo katika P-glikoprotini

P-glikoprotini ya binadamu ni protini ya utando wa seli yenye asidi amino 1,280, nayo hutumia nishati ya ATP kusukuma nje ya seli dawa za aina nyingi, zikiwemo baadhi ya dawa za saratani. Ili kubaini vikoa vyake, yaani sehemu zake zenye umbo na kazi mahususi, pakua kwanza mfuatano wake kutoka hifadhidata ya UniProt kwa namba P08183.

Anza na sehemu zinazovuka utando. Heliksi moja, yaani kipande cha protini kilichojisokota kama springi, huhitaji takribani asidi amino 20, nyingi zikiwa zisizopenda maji, ndiyo maana kipimo cha Kyte na Doolittle cha mwaka 1982 hukokotoa wastani wa hali ya kutopenda maji kwa dirisha la asidi amino 19 zinazofuatana, na kutilia maanani sehemu ambazo wastani wake unazidi 1.6. Grafu hiyo isikutoshe peke yake, kwani vilele viwili vinavyokaribiana huweza kuungana vikaonekana kimoja. Heliksi unazozitafuta ni 12, yaani 6 katika kila nusu.

Kila kundi la heliksi 6 hufuatwa na kikoa kinachoshika ATP, na hapa kazi ni nyepesi zaidi. Tafuta mpangilio wa asidi amino unaoitwa Walker A, ambao (kila herufi ikiwa asidi amino moja) katika nusu ya kwanza ni GNSGCGKS kuanzia nafasi ya 427, na katika nusu ya pili ni GSSGCGKS kuanzia nafasi ya 1070. Takribani asidi amino 100 mbele yake utakuta LSGGQ, kwenye nafasi ya 531 na ya 1176. Usiruke hatua hii ya pili, kwa sababu Walker A hupatikana katika protini nyingi zinazotumia ATP, ilhali LSGGQ ndiyo alama ya familia ya ABC, yaani familia ya protini za usafirishaji ambamo P-glikoprotini imo.

Sasa fungua faili 6C0V la hifadhidata ya PDB, lenye umbo la protini hii ikiwa imeshika ATP, katika programu ya ChimeraX, kisha zipake nusu hizo mbili rangi tofauti. Hapo ndipo mfuatano unapoonekana kuwa haukusema yote. Kila ATP imebanwa kati ya Walker A ya kikoa kimoja na LSGGQ ya kikoa cha pili, na heliksi za 4 na 5 zimevukia upande wa nusu nyingine, kama zilivyofanya za 10 na 11. Kwa maoni yangu, ni heri kuandika mipaka ya vikoa kwa kufuata mfuatano, lakini kueleza utendaji kwa kufuata umbo. Zingatia pia kwamba katika faili hili glutamati za nafasi ya 556 na 1201 zilibadilishwa kuwa glutamini ili ATP isivunjwe.

Mwisho, pima umbali kati ya lisini 433, iliyo katika Walker A ya kwanza, na serini 1177, iliyo katika LSGGQ ya pili, kisha rudia kipimo hicho katika faili 4M1M la protini ya panya, ambamo vikoa vya ATP vimeachana. Kwa panya, punguza 4 katika kila namba, yaani lisini 429 na serini 1173.