Kanga ya karatasi: somo la sanaa kwa darasa la kwanza na la pili

Rangi za kununua zilinishia muhula uliopita, na darasani nina watoto 58. Nikarudi jikoni. Somo hili nimeshalifundisha mara tatu kwenye baraza ya skuli, kwa manjano, makaa, bamia na bua la mgomba.

Nimechagua kanga kwa sababu mtoto anaijua kabla ya kalamu: kabebwa nayo, kafunikwa nayo. Anajua ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina chini ya mji. Ukiwaonyesha kitambaa kisicho na jina watakwambia wenyewe, "Hicho kitenge, ticha."

1. Rangi. Jana yake pika uji mzito wa unga wa ngano na karafuu chache ndani, usichache upesi. Vijiko 2 vya manjano ya unga kwa vijiko 4 vya uji, umepata njano. Makaa yaliyotwangwa na kuchungwa kwa kitambaa, ukitia uji, ndiyo nyeusi. Tia nyeusi kidogo mno ndani ya njano, itageuka kijani cha majani makavu. Hili lifanye mbele ya watoto. Mara ya kwanza nililifanya nyumbani, nikazikosa kelele zao. Mwenye mzingefuri uani, ule mti wa mbegu za rangi nyekundu, asugue mbegu kwa tone la mafuta, kisha atie uji.

2. Mihuri. Bamia iliyokomaa ukiikata mkato wa kupingana inatoa ua; changa inateleza. Bua la jani la mgomba linatoa mwezi mchanga wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Umbo la korosho, lile la kupiga katika mji wa kanga, lichonge mwenyewe kwa muhogo au mbatata, ulifute maji yake kwanza. Kisu kibaki kwako.

3. Karatasi. Natumia mifuko ya saruji, ile karatasi ya kati. Kata vipande vya mstatili, kila mtoto akunje kingo zote nne kwa upana wa vidole viwili, halafu akunjue. Alama ya mkunjo ndiyo mpaka wa pindo, wala hahitaji rula.

4. Kupiga chapa. Rangi imwage juu ya kipande cha sponji la godoro ndani ya kifuniko cha ndoo. Muhuri ukichovywa moja kwa moja ndani ya kopo, unatoa tope tu.

Aanze na pindo: bamia, mgomba, bamia, mgomba. Upande wa kwanza unakwenda vizuri, kisha anafika pembeni na mambo yanamharibikia: miezi inagongana, au inabaki nafasi isiyotosha ua. Nyamaza. Hapa ndipo somo lilipo. Mmoja atauzungusha muhuri, mwengine atatia nukta ya kidole, mwengine atahesabu upya tangu mwanzo. Ndiyo maana kanga yangu ya mfano siitundiki ubaoni. Niliitundika mara moja, nikapata kanga 58 zenye pembe moja.

Mji haunitii wasiwasi; wape korosho na waachie wenyewe.

5. Jina. Chapa ikauke kwanza. Kisha kila mtoto atunge lake, maneno matatu au manne. Nina moja nimeliweka mpaka leo: PAKA KALA DAGAA LANGU.

Maswali niliyoulizwa

*Mwalimu, Micheweni:* Ticha, mbona njano yangu imegeuka nyekundu juu ya karatasi? Manjano nimenunua sokoni.

Manjano hayana kosa. Umetumia karatasi ya ndani iliyogusa saruji. Vumbi lake, kama sabuni na magadi, huyageuza manjano kuwa mekundu. Ukitaka nyekundu kwa makusudi, mpe mtoto brashi yenye maji ya sabuni apitishe juu ya njano.

*Mama, Jang'ombe:* Ushungi mweupe wa mwanangu umerudi na manjano. Nimefua, doa likawa jekundu kama damu!

Pole mama, ni sabuni hiyo hiyo. Suuza mpaka povu liishe, doa litarudi njano, kisha anika juani. Jua huyafifisha manjano, japo huenda ukaanika zaidi ya mara moja. Siku hizi nawavisha fulana kuukuu za nyumbani juu ya sare.

*Maalim, Makunduchi:* Wazee huku wanasema tunachezea chakula.

Wana haki, maalim. Mimi natumia bamia zilizokomaa hadi hazipikiki, na ncha za muhogo zinazotupwa. Waambie hivyo kabla, si baada.

*Mwalimu, Chake Chake:* Na asiyejua kuandika bado?

Akutajie, uandike wewe kwa penseli nyepesi, yeye apitishe kijiti cha makaa juu yake. Usimsahihishie maneno. Akisema "bibi kenda shamba", andika hivyo hivyo.