Kufunga intakula ya mbele kwenye Hilux ya dizeli bila kupoteza upepo njiani

Kama una Hilux Vigo ya dizeli, iwe ya injini ya 1KD ile ya lita 3.0 au 2KD ya lita 2.5, na unapiga mzigo kutoka Dar kwenda Iringa au Mbeya, hii hali unaijua: alfajiri ukitoka gari inavuta freshi kabisa, ikifika saa nane mchana na jua lile la Ruaha Mbuyuni alafu unaanza kupanda Kitonga inakuwa nzito, unashusha gia na bado ile nguvu ya asubuhi huioni. Mara nyingi hapo injini haina ugonjwa wowote, ni upepo unaoingia ndo umeshakuwa wa moto. Tabo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, ikikandamiza hewa lazima hewa ipate joto, chukua hewa ya nyuzi 30 uikandamize mpaka bar 1 juu ya kawaida, inatoka kwenye tabo ikiwa imepita nyuzi 100 kirahisi tu, na hewa ya moto inakuwa nyepesi, oksijeni yake kidogo, dizeli inayomwagwa na nozo haiungui yote ndo unaona moshi mweusi nyuma. Kazi ya intakula, yani ile rejeta ya hewa, ni kuipooza hiyo hewa kabla haijaingia kwenye injini, basi.

Sasa Vigo nyingi zenye ile pua kwenye boneti, intakula yake imekaa juu ya injini kabisa, Mitsubishi L200 Triton za kizazi hicho nazo ni hivyo hivyo. Ukiwa spidi 80 upepo unaingia kwenye pua na kazi inafanyika, lakini ukiwa kwenye foleni ya Kimara au Mbagala hakuna upepo unaopita, joto la injini linapanda juu na intakula yenyewe inachemka, ukija kukanyaga mafuta inachukua muda kupoa. Kuihamishia mbele nyuma ya bampa kunasaidia sana hapo. Ila niseme mapema, usitegemee gari iwe roketi, intakula peke yake inakurudishia nguvu unayoipoteza kwa joto na kuilinda injini ikiwa na mzigo mzito kwa muda mrefu, ukitaka zaidi ya hapo hiyo ni habari ya kugusa programu ya gari na sio mada ya leo.

Kabla hujatoa hata shilingi kagua ulichonacho. Gari nyingi zinazoletwa gereji eti zimekosa nguvu, tatizo ni mpira wa upepo uliopasuka kwa chini pale usipoona, au klipu imelegea, na ukiwasha gari ukakanyaga unasikia ile sauti ya kufyonza au kupuliza. Pitisha mkono chini ya kila mpira, ukikuta oili mbichi imelowanisha sehemu moja ujue upepo unatokea hapo. Kioili kidogo ndani ya paipu ni kawaida kwa sababu ya mvuke wa injini, lakini ukifungua intakula ya zamani ukaiinamisha na oili ikamwagika, simama hapo hapo, mara nyingi tabo inavujisha. Usifunge kitu kipya juu ya tabo mbovu, kwanza utaichafua, pili injini ya dizeli inaweza kuunguza ile oili iliyojikusanya kama mafuta, ikapanda mizunguko yenyewe na ukizima swichi haizimi. Hiyo inaua injini kwa dakika chache tu.

Kwenye kununua, ukienda Gerezani au Ilala Shaurimoyo utakuta za aina mbili, za mtumba zilizotolewa kwenye gari zingine na mpya za alminiamu tupu. Mimi nashauri mpya. Ya mtumba huwezi kujua ilitoka kwenye gari gani, kama ile gari tabo yake ilivunjika basi vipande vya chuma vimekaa ndani ya zile njia nyembamba na hata uoshe na petroli mara ngapi vingine havitoki, siku vikitoka vinaingia kwenye silinda. Kwenye saizi watu wanakosea kwa kutaka kubwa. Pima nafasi kwanza kwa futi, kutoka kwenye kondensa ya AC (ile rejeta ya AC ya mbele) mpaka kwenye chuma cha nyuma ya bampa, alafu pima upana kati ya reli mbili za chesesi, ndo uende dukani na hizo namba. Intakula nene sana inaziba upepo wa kondensa na rejeta, na kwa joto la Dar la Desemba mpaka Machi utaanza kuona temprecha inapanda na AC inatoa vuguvugu, yani umetibu kidole umeumiza mkono. Ya inchi 2 na nusu mpaka 3 unene, yenye midomo ya inchi 2 na nusu, inatosha kabisa kwa injini isiyoguswa.

Ile kubwa pia ina gharama nyingine ambayo wauzaji hawasemi: tabo inabidi ijaze upepo kwenye intakula yote na mapaipu yote kabla presha haijafika kwenye injini, kwahiyo ukikanyaga gari inachelewa kuitika. Kwa mtu anaezunguka mjini na mizigo midogo hilo linaudhi kila siku.

Kazi yenyewe ianze injini ikiwa ya baridi, chomoa terminali hasi ya betri, shusha grili na bampa. Skrubu na klipu za plastiki weka kwenye kopo na piga picha za simu kila hatua, hasa nyaya za taa za ukungu zilivyopita. Kondensa ya AC usiifungue paipu zake, ina gesi yenye presha, kama nafasi haitoshi bila kuisogeza muite fundi AC aitoe gesi kwa mashine yake kwanza. Na lile chuma la nyuma ya bampa usimruhusu fundi alikate na grinda ili intakula ikae, lile ndo linabeba kishindo ukigonga. Kama haingii bila kukata chuma basi hiyo intakula sio ya gari yako, rudisha.

Intakula ikae mbele ya kondensa ikiwa imeachiana nayo angalau unene wa kidole, na iwe imeshikwa na breketi zenye raba kati yake, sio chuma kwa chuma, kwa sababu alminiamu ikitikiswa miezi kwenye barabara ya vumbi inapasuka kwenye maungio. Breketi za juu zibebe, za chini zizuie kucheza. Alafu hapa wengi wanapita haraka: upepo ni mvivu, unapita palipo rahisi. Ukiacha nafasi wazi pembeni mwa intakula upepo wa mbele utazunguka pembeni na wala hautapita katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya intakula. Ziba zile nafasi kwa sponji ngumu au karatasi za alminiamu kuanzia kwenye grili, hii kazi ya bei ndogo inaongeza kupooza kuliko hata kununua intakula kubwa zaidi.

Mapaipu ndo roho ya kazi. Chagua njia fupi, kona chache, na kona iwe ya mviringo, sio mbili zilizokatwa na kuchomelewa kwa pembe. Alminiamu inataka fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, wale wa mageti hawawezi hii, na akimaliza hakikisha anasafisha ndani, tonge la kuchomelea likidondoka mbele ya safari linaingia kwenye injini. Kila mwisho wa paipu lazima uwe na pete ndogo iliyoinuka kuzunguka, ndo inayozuia mpira usichomoke presha ikipanda. Fundi asiekuwa na mashine ya kutengeneza hiyo pete anaweza kuweka mstari mwembamba wa kuchomelea kuzunguka na kuupiga tupa uwe laini. Paipu laini bila pete, hata ukaze klipu mpaka ikatike, itachomoka tu siku umebeba.

Mipira tumia silikoni yenye nyuzi za ndani, tabaka 4 au 5, na ule wa kwenye mdomo wa tabo uulizie wenye utando wa ndani wa kuvumilia oili, silikoni ya kawaida inalainika ikilowa mvuke wa oili kila siku. Mipira ya maji ya rejeta usiweke hapa, hata kama fundi anasema imekaa sawa saizi. Klipu ziwe zile pana za bolti moja ya kukaza, sio zile nyembamba za kuzungusha na bisibisi ambazo zinakata mpira. Kumbuka pia injini inacheza na bodi haichezi, kwahiyo paipu likishikwa kwenye bodi lazima kuwe na kipande cha mpira kati yake na injini, na hakuna sehemu paipu linagusa feni, belti au nyaya. Mtu akae ndani awashe, avute akselereta kidogo, we angalia injini inavyoyumba.

Kama paipu la zamani lilikuwa na sensa, kikalio chake kichomelewe kwenye paipu jipya upande ule ule iliokuwepo, baada ya intakula kama ilikuwa baada, ukiibadilisha nafasi kompyuta inadanganywa joto la hewa. Na ile pua ya boneti usiisahau, intakula ya juu ikishatoka, maji ya mvua yanadondokea moja kwa moja kwenye injini na soketi za umeme, tafuta kibati uizibe kwa chini.

Kabla ya kurudisha bampa, pima uvujaji. Mkerezaji akukatie vizibo viwili vya alminiamu vinavyoingia kwenye mipira ya mwisho, kimoja kikiwa na valvu ya tairi ya tyubulesi. Vizibo vya PVC vya mabomba usitumie, vikipasuka na upepo vinaruka vipande kama vioo. Funga pande zote mbili za mfumo, yani upande wa tabo na upande wa injini, ili upepo usiingie kwenye injini yenyewe, alafu nenda kwa fundi pancha akuwekee taratibu mpaka psi 20, we simama pembeni sio mbele ya kizibo. Pakaa maji ya sabuni kila maungio. Povu likitoka kaza au rudia, na presha ikae dakika kadhaa bila kushuka haraka. Watu wanaruka hii hatua wakisema wataisikia barabarani, lakini tundu dogo halisikiki, linakula mafuta tu, na kwa gari za chini maji ya mafuriko ya pale bonde la Jangwani, Dar, kipindi cha masika yanaweza kupenya hapo hapo intakula ikizama.

Jaribio la barabara fanya Mbezi kwenda Kibaha au sehemu yenye mlima na mzigo kidogo. Kifaa cha kusomea kompyuta kinachounga na simu ni cha bei nafuu, angalia joto la hewa inayoingia, ukiwa kwenye mwendo ikizidi joto la nje kwa nyuzi 15 mpaka 25 upo vizuri. Ila hakikisha kwanza sensa inayosomwa ipo baada ya intakula, kuna gari inaonyesha ile ya kwenye kichujio cha hewa, hapo utaona namba nzuri ambazo hazikuambii kitu. Angalia na temprecha ya maji na AC kwenye foleni, zisibadilike kutoka zilivyokuwa.

Baada ya kupiga kilomita kama mia mbili hivi, injini ikipoa, kaza klipu zote tena maana silikoni inakaa ikishapata joto. Toa matope kwenye mapezi kwa maji ya presha ndogo kila unapoosha gari, ile bomba kali ya kituo cha kuoshea magari inalaza mapezi na upepo haupiti tena. Na piga simu kampuni ya bima yako uwaambie umebadilisha kitu, iandikwe kwenye faili kabla hujapakia mzigo.