Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia majini False Bay, ghuba ya papa mweupe

Ghuba ya False Bay, iliyo kusini mwa jiji la Cape Town nchini Afrika Kusini, huvutia waogeleaji, wapiga kasia na wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, wakiwamo wanafunzi na wageni waliotoka Afrika Mashariki, ambako papa kwa walio wengi ni kitoweo kabla ya kuwa tishio. Papa mweupe ni kiumbe wa namna nyingine. Jike aliyekomaa huweza kuzidi mita 5, hula sili (mnyama wa baharini anayenyonyesha), na kwa kawaida humjia windo wake kutoka chini, upande ambao windo halioni. Ni kweli kwamba mashambulizi ya papa wa aina zote dhidi ya watu wasiowachokoza hayafiki 100 kwa mwaka duniani kote, na kwamba mkondo unaovuta kuelekea bahari kuu ni hatari kubwa zaidi kwa mwogeleaji. Hata hivyo, jeraha moja la papa huyu huweza kummaliza mtu kwa dakika chache, na karibu kila kinachoweza kumwokoa hutegemea maamuzi aliyoyafanya akiwa bado nchi kavu.

Jambo la kwanza ni kutopumbazwa na maneno kwamba papa wa False Bay wamekwisha. Maneno hayo yana chanzo chake. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kutupwa na bahari karibu na Gansbaai, mji wa pwani ulio mashariki mwa False Bay, ini likiwa limenyofolewa, na lawama ikaelekezwa kwa nyangumi wauaji wawili waliopewa majina ya Port na Starboard. Katika miaka iliyofuata, papa weupe waliokuwa wakionekana False Bay walipungua mno. Wataalamu wangali wakibishana iwapo nyangumi hao ndio sababu pekee, au uvuvi nao umechangia, na wapo wanaoona kwamba sehemu ya papa hao wamesogea tu upande wa mashariki. Kwa msafiri, mabishano hayo yana maana moja ya moja kwa moja: anayeendelea na safari hadi Mossel Bay au Plettenberg Bay asidhani kwamba utulivu wa Cape Town unamfuata huko. Plettenberg Bay ilipoteza watu wawili kwa papa katika mwaka 2022 pekee. Hali ya ufuo iulizwe siku hiyohiyo, kwa waokoaji wa ufuo huohuo.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kuzijua bendera. Tangu mwaka 2004 mpango uitwao Shark Spotters umekuwa ukiweka walinzi juu ya milima inayotazama fukwe kama Muizenberg na Fish Hoek. Mlinzi hukaa huko na darubini na miwani ya kukata mng'ao wa maji, akitafuta kivuli cheusi kinachokwenda tofauti na mwani, na huwasiliana kwa redio na mwenzake aliye ufukweni. Bendera ya kijani ina maana kwamba mlinzi anaona vizuri na hajaona papa. Nyeusi ina maana kwamba hajaona papa, lakini pia haoni vizuri kwa sababu ya mawingu, upepo au maji machafu. Nyekundu ni tahadhari kubwa, kwa mfano papa alionekana muda si mrefu uliopita na sasa haonekani. Nyeupe yenye picha ya papa mweusi, ikifuatana na king'ora, ni amri ya kutoka majini mara moja. Ikiwa hakuna bendera yoyote, basi hakuna anayekulindia. Wageni wengi huisoma bendera ya kijani kama ahadi kwamba papa hayupo, ilhali inaeleza tu kile ambacho macho ya mtu mmoja yameweza kukiona kutoka mlimani. Na ile nyeupe haina mjadala: mwezi Septemba mwaka 2011 mwogeleaji mmoja aliingia majini Fish Hoek wakati ufuo umefungwa kwa sababu ya papa, akanusurika kifo lakini akapoteza mguu.

Fish Hoek pia hutandazwa wavu wa kuzuia papa, ambao macho yake ni madogo ili usinase viumbe, tofauti na nyavu za jimbo la KwaZulu-Natal zinazoua papa wenyewe. Uulize kama umetandazwa siku hiyo, kwani hali ya bahari ikiwa mbaya hautandazwi.

Kabla ya kulowesha mguu, yatazame maji kwa dakika kadhaa. Ndege wanaopiga mbizi kwa wingi, pomboo wanaowinda, sili walio karibu, mzoga wa nyangumi, au wavuvi wanaovuta kokoro, vyote vinaashiria chakula, na papa hufuata chakula. Epuka alfajiri na magharibi, kwa kuwa mwanga hafifu humpa mwindaji nafasi nzuri zaidi. Usiende peke yako, wala usijitenge na kundi. Ukimwona papa, usipige maji ovyo. Mkabili kwa macho, weka ubao kati yako na yeye, na rudi ufukweni pamoja na wenzako bila kumpa mgongo. Akikushika, mpige machoni na kwenye mashavu ya kupumulia.

La mwisho ni damu, na hapa ndipo maandalizi ya wengi huishia kabla ya kuanza. Angalau mtu mmoja katika kundi awe amejifunza kuzuia damu kwa mikono yake mwenyewe, na mfuko ulioachwa ufukweni uwe na mkanda wa kukaza, bandeji nene na blanketi. Majeruhi akishatolewa majini, jeraha libanwe kwa nguvu bila kuachia. Likiwa la mkono au mguu na damu haikomi, mkanda ufungwe juu ya jeraha kwa umbali wa vidole vitatu hivi, si kwenye kiungo, ukazwe mpaka damu ikome, muda uandikwe, na asiufungue mtu mpaka hospitali. Pasipo mkanda, kamba inayomfunga mtu na ubao wake huweza kutumika. Vazi la mpira alilovaa majini lisivuliwe, majeruhi afunikwe kwa sababu maji ya huko ni baridi, na asipewe chochote cha kunywa. Wakati huohuo mtu mwingine apige 112 kwa simu ya mkononi, ataje jina la ufuo na lango la karibu ambalo gari la wagonjwa linaweza kufika. Maelezo hayo mawili yawe yameandikwa kwenye simu tangu asubuhi.