Kumlinda Mfanyakazi na Maumivu ya Kazi ya Kurudiarudia: Maelezo kwa Waajiri wa Lubumbashi

Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Septemba, atelie za ushonaji za Lubumbashi hujaa yunifomu, na majuma hayo ndiyo mikono ya mafundi inapoumia. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri katika kifungu cha 55 ahakikishe kwamba kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Kwa hiyo, kumlipia fundi dawa baada ya kuumia hakutoshi.

Anza na kazi yenyewe, kabla mtu hajalalamika. Kaa karibu na fundi nusu saa, uhesabu ni mara ngapi anarudia mwendo uleule, uone anatumia nguvu kiasi gani, shingo yake imeinama vipi, na anapumzika lini. Kano zinazovutwa kutwa bila pumziko huvimba. Zikivimba kwenye kifundo cha mkono huweza kubana mshipa wa fahamu unaopita humo, ndipo kidole gumba na viwili vinavyokifuata vinapokufa ganzi, mara nyingi usiku. Ganzi hiyo isipuuzwe, kwani ikiachwa kwa miezi vidole hupoteza nguvu, na fundi asiyeweza kushika sindano amepoteza riziki yake.

Kisha badilisha kazi. Rekebisha urefu wa meza na kiti mpaka viwiko vikae karibu na mwili. Noa mikasi, kwa sababu mkasi butu hudai nguvu zaidi kwa kila mkato. Aliyekata vitambaa asubuhi apewe mchana kupanga na kufunga nguo, na wote wapate mapumziko mafupi ya mara kwa mara. Muda wa kawaida wa kazi usizidi saa 45 kwa juma, hata oda zikiwa nyingi.

Kwenye depo za unga na saruji, tazama uzito kwanza. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanamume mzima unaozidi kilo 55 upunguzwe. Gunia la kilo 50 halivuki kikomo hicho, lakini likibebwa mara nyingi kwa siku huumiza mgongo vilevile; kwa hiyo nunua kigari.

Wengi hudhani kibarua wa siku hawahusu. Hilo ni kosa: sheria inamlinda naye, na kwa kifungu cha 40, aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo.

Mfanyakazi akilalamika, andika daftarini tarehe, kazi aliyokuwa akiifanya na mahali panapouma, umpeleke kwa daktari, umpe kazi nyepesi mpaka apone. Ikiwa daktari anaona kazi ndiyo chanzo, toa taarifa kwa CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na kwa mkaguzi wa kazi, na daftari hilo uwe nalo mkononi.