Kulifuatilia gugu maji la Ghuba ya Mwanza kwa picha za setilaiti

Mjomba wangu huvua sato upande wa Luchelele. Gugu maji likiziba mwalo usiku, asubuhi mtumbwi hautoki. Ndiyo sababu nilijifunza kulitafuta kutoka juu.

Hatua ya 1. Fungua Copernicus Browser, ramani ya mtandaoni ya Umoja wa Ulaya. Ni bure. Picha zake zinakula bando, jiandae.

Hatua ya 2. Tafuta Mwanza, kisha fuata ghuba kuelekea kusini hadi Kigongo. Chagua Sentinel-2, setilaiti hizi hupita hapa kila baada ya siku 5 hivi, majira ya saa tano asubuhi. Anza na kitu unachokijua: weka tarehe ya 2019, halafu ya mwaka huu. Kwanza utaona maji matupu kati ya Kigongo na Busisi, kisha mstari mwembamba unaokata ghuba: Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025.

Hatua ya 3. Mawingu. Masika picha nyingi hazifai, Juni hadi Agosti ni neema. Ila usiiache picha kwa sababu ya asilimia ya mawingu iliyoandikwa tu. Hesabu hiyo ni ya kipande kizima cha picha chenye upande wa kilomita 110, na ghuba inaweza kuwa wazi huku nchi kavu imefunikwa. Ifungue uone mwenyewe.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Badili rangi kwa kubonyeza "False color". Kuna mwanga wa infraredi ambao jicho halituonyeshi: majani mabichi huurudisha kwa wingi, maji huumeza. Ziwa litakuwa jeusi na kila chenye majani kitawaka wekundu. Sasa tafuta wekundu ulioelea majini. Wenye kingo zilizokatika vizuri, kama mkeka uliotupwa, huenda ni gugu. Mwani hujichora kama moshi, kwa rangi hafifu. Matete ya ufukweni nayo ni mekundu, na mwanzoni yalinidanganya sana, mpaka nilipozoea kulinganisha tarehe mbili: matete hayaondoki, gugu linahama. Kumbuka pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo vishada vidogo hutaviona. Ukilipata zulia lenyewe, lizungushie mstari kwa kifaa cha kupimia eneo, uandike ukubwa na tarehe kwenye daftari.

Hatua ya 5. Mawingu yakigoma kabisa, hamia Sentinel-1. Ni rada, inapenya mawingu. Maji yaliyotulia ni meusi, gugu ni jeupe kiasi. Siku ya mawimbi ziwa lote hupauka, usiiamini.

Kabla ya kumwambia mjomba lolote, mimi humpigia kwanza nimuulize upepo umevuma kutoka wapi tangu saa tano ya siku ya picha. Usiku mmoja tu, zulia nililolipima Luchelele linaweza kuamkia Sengerema, ng'ambo ya ghuba.