Kutafuta makala pale tiba, sayansi ya jamii na mipango miji zinapokutana

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye swali lisilotaka kukaa kwenye idara moja. Mfano nitakaoutumia ni wa mwanafunzi wa uzamili niliyemsaidia hivi karibuni: je, wanaoishi kwenye mitaa inayotembeleka vizuri kwa miguu wanapata presha kidogo kuliko wengine? Daktari ataona ugonjwa. Mwanasosholojia atauliza nani anaishi wapi na kwa nini. Mtu wa mipango miji ataanza na upana wa barabara na umbali wa duka. Wote wameandika juu ya jambo hilohilo, kila mmoja kwenye majarida yake na kwa istilahi zake.

Nachukulia kwamba kufungua akaunti, kupakua PDF na kutumia AND na OR unakujua.

Hatua ya 1: Swali kwa sentensi moja

Ligawe vipande vitatu: watu, mazingira wanamoishi, matokeo ya kiafya. Watu wa tiba watakuambia utumie PICO (watu, tiba wanayopewa, ulinganisho, matokeo). Kwa maswali ya mitaa na nyumba mimi nachagua PECO, inayoweka mazingira mtu anayokutana nayo mahali pa tiba, kwa sababu mtaa hauandikiwi mgonjwa kama dozi. Amua pia mapema kama unafanya mapitio ya kimfumo (systematic review, ya kujibu swali moja mahususi) au mapitio ya upeo (scoping review, ya kuonyesha nini kimeandikwa). PROSPERO, sajili ya mtandaoni ya mapitio, inasajili itifaki (mpango ulioandikwa kabla ya kazi) za aina ya kwanza na haipokei za aina ya pili. Hizo zipeleke OSF (Open Science Framework), tovuti ya wazi ya kuhifadhi kazi za utafiti.

Hatua ya 2: Makala za mbegu

Kusanya makala kama kumi unazojua kwa hakika kwamba zinahusu swali lako, zitoke nyanja zote tatu. Msimamizi anazo, na orodha za marejeo zitakupa nyingine. Google Scholar inafaa hapa na, kwa maoni yangu, hapa tu: hata ikikuambia imepata laki mbili, haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000, na mwenzako akirudia utafutaji uleule hana uhakika wa kupata ulichopata wewe. Ziweke mbegu kwenye folda yake ndani ya Zotero (programu ya kutunza marejeo), usizichanganye na kitu kingine.

Hatua ya 3: Chagua hifadhidata

PubMed kwa tiba, haina malipo. Scopus au Web of Science kwa sababu zinavuka nyanja. Kama chuo kinalipia moja tu, anza na hiyo. Sociological Abstracts kwa sayansi ya jamii. Halafu kuna TRID, ya mambo ya usafiri na barabara, ya bure kabisa, ambayo watu wengi wa tiba hawajawahi hata kuisikia. Ina ripoti za kiufundi ambazo PubMed hutazikuta. Wataalamu wa mipango miji huandika sana ripoti na vitabu, kwa hiyo tenga muda wa kupitia pia machapisho ya UN-Habitat na Benki ya Dunia. Kama chuo chako kiko kwenye nchi yenye kipato kidogo, muulize mkutubi kuhusu Research4Life (mpango wa kuzipa taasisi za nchi hizo majarida bure au kwa bei nafuu) kabla hujakata tamaa na kurasa zinazodai malipo.

Hatua ya 4: Jenga fomula ya utafutaji

Hapa ndipo siku nzima hupotea, basi tuende polepole.

Fungua Notepad au programu yoyote ya maandishi matupu. Usiandikie fomula kwenye Word. Word hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na baadhi ya hifadhidata hazizitambui. Unabandika fomula, inakubali bila kulalamika, na matokeo yanatoka ya ajabu.

Sasa tatizo lenyewe. Neno moja lina kazi tatu katika nyanja tatu. Andika *mobility* peke yake: tiba itakuletea wazee wanaoshindwa kusimama, sosholojia itakuletea watoto wa maskini waliopanda daraja, mipango miji itakuletea mabasi. *Density* inaleta mifupa kabla ya watu. *Migration* inaleta seli zinazohama. Ila linaloshangaza kuliko yote ni *housing*: ndani ya PubMed utazama kwenye panya wa maabara, kwa sababu makala za majaribio hueleza wanyama walivyotunzwa kwenye vizimba. Kwa hiyo neno la aina hii lisiwekwe peke yake hata mara moja. Lifunge na jirani yake, au tumia neno jingine lisilo na ndugu: mzizi walkab ukiwekewa kinyota mwishoni (kinyota huleta kila neno linaloanza hivyo) hukamata *walkable* na *walkability*, na maabara hawalitumii.

Kwa PubMed, kila wazo lipate vitu viwili: istilahi rasmi ya MeSH (orodha ya maneno ambayo PubMed hutumia kuainisha makala) na maneno ya kawaida yanayotafutwa kwenye kichwa na ikisiri, yenye lebo [tiab]. Mfano:

("City Planning"[Mesh] OR "Built Environment"[Mesh] OR walkab*[tiab] OR "street connectivity"[tiab] OR "land use mix"[tiab]) AND ("Hypertension"[Mesh] OR hypertens*[tiab] OR "blood pressure"[tiab])

Ukitegemea MeSH peke yake utakosa makala ambazo bado hazijawekewa istilahi. Ukitegemea maneno peke yake utakosa zile ambazo mwandishi alitumia neno usilolifikiria. Weka vyote.

Tahadhari, na hizi zina sababu zake:

Ukiandika neno kwenye PubMed bila kulibandika lebo kama [tiab], mashine inalitafsiri yenyewe na kuongeza istilahi inazodhani ulizitaka. Nenda Advanced, tazama historia, fungua Details. Hapo utaona ilitafuta nini hasa. Fanya hivyo kila mara. Neno lenye kinyota halitafsiriwi hivyo, na linahitaji angalau herufi nne kabla ya kinyota. Na ukifunga kwa nukuu kirai ambacho PubMed haina kwenye faharasa yake, inazipuuza nukuu na kutafuta maneno kwa namna nyingine. Inakuandikia ujumbe mdogo juu ya matokeo, ambao jicho huuruka.

Wanyama waondoe hivi ([mh] ni lebo ya MeSH kwa kifupi): NOT (animals[mh] NOT humans[mh]). NOT mbili zinaonekana kama kosa la uchapaji, lakini ukiandika NOT animals[mh] tu unatupa kila makala iliyohusu watu na wanyama kwa pamoja. Kumbuka kichujio hiki hakigusi makala ambazo hazijapewa MeSH, kwa hiyo panya wachache wapya watapita. Waache, utawatoa kwa mkono. Zaidi ya hapo siitumii NOT kabisa. Makala inayosema "tofauti na usafiri wa magari" ina neno la magari ndani yake, na wewe ulikuwa unaitaka.

Kuhamisha fomula kwenda hifadhidata nyingine si kunakili na kubandika. Scopus inataka TITLE-ABS-KEY( ) na ukaribu wa maneno (yasitengane kwa zaidi ya maneno matatu) unaandikwa W/3. Web of Science inataka TS=( ) na NEAR/3; ukisahau namba, NEAR inachukua maneno 15, na hapo chochote kinakuwa jirani ya chochote. PubMed nayo ina utafutaji wa ukaribu, "walkable neighborhood"[tiab:~3], lakini humo ndani kinyota hakifanyi kazi. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani inahitaji jicho pia: Web of Science inakubali *neighbo$rhood* ($ ni herufi moja au hakuna), kwingine andika zote mbili tu, utalala vizuri.

Mabano yawe mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Web of Science hufanya AND kabla ya OR. Fomula ileile isiyo na mabano itakuwa maswali mawili tofauti.

Kisha jaribu. Endesha fomula na utafute mbegu zako ndani ya matokeo. Ikikosekana moja, fungua kichwa na ikisiri yake usome neno kwa neno: imetumia neno gani ambalo huna? Kwa mwanafunzi niliyemtaja, makala za mipango miji zilizokosekana zilitumia *urban form*, na hatukuwa nalo. Ongeza, rudia. Mbegu ambayo haimo kabisa kwenye hifadhidata hiyo haina hatia. Hakikisha kwa kutafuta kichwa chake. Ukimpata mkutubi wa kukagua fomula kabla hujaiendesha rasmi, mpe na orodha ya ukaguzi ya PRESS ya 2015, iliyotengenezwa kwa kukagua fomula za utafutaji.

Hatua ya 5: Pakua na ondoa marudio

Kabla ya kufuta chochote, andika idadi ya matokeo ya kila hifadhidata na tarehe. Mchoro wa PRISMA 2020 (unaoonyesha makala ngapi zilipatikana na ngapi zikaondolewa) utazitaka, na ukishachanganya mafaili ya RIS (ya marejeo uliyopakua) ni tabu kuzirudisha. Zotero huonyesha marudio yenyewe, lakini usiunganishe kwa pupa. Mada ya kongamano na makala ya jarida huweza kuwa na kichwa kimoja na matokeo tofauti, na rasimu iliyowekwa mtandaoni ina DOI yake.

Hatua ya 6: Chuja

Watu wawili, kwenye Rayyan (programu ya mtandaoni ya kuchuja makala), kila mmoja asione uamuzi wa mwenzake. Basi.

Hatua ya 7: Jedwali la kusomea

Safu za kawaida unazijua. Ongeza mbili. Ya kwanza: mpaka wa mtaa ulichorwaje? Mmoja amepima mita 400 kuzunguka nyumba kwa duara, mwingine mita 800 kwa kufuata barabara, wa tatu ametumia mpaka wa kata. Ukibadilisha mpaka, uhusiano na presha unaweza kubadilika, na wana mipango miji wameandika mengi juu ya hilo ambayo tiba huyapita. Ya pili: nani alichagua kuishi hapo? Mtu anayependa kutembea huenda ndiye aliyehamia mtaa wa kutembea, na hapo barabara inapewa sifa isiyo yake. Andika kama utafiti ulijaribu kulishughulikia hilo, au ulilinyamazia.

Kupima ubora wa tafiti, tumia chombo cha MMAT cha 2018, kwa sababu inakubali tafiti za maelezo, za takwimu na za mchanganyiko kwa chombo kimoja. Vyombo vya majaribio ya dawa vitaipa sifuri kila etnografia (utafiti wa kuishi na kuchunguza watu kwa karibu) utakayoshika.

Hatua ya 8: Kabla ya kuwasilisha

Endesha upya fomula zote, linganisha na tarehe za mwanzo, ingiza mapya. Kwenye kiambatisho bandika fomula kama zilivyoandikwa, hifadhidata kwa hifadhidata, kutoka kwenye lile faili la Notepad.